Askari Mweusi wa Magdeburg

Baba yangu mdogo anaitwa Morisi. Alibatizwa na padre Mjerumani katika kanisa la misheni kusini mwa Tanzania, akapewa jina hilo kwa sababu alizaliwa tarehe 22 Septemba, sikukuu ya mtakatifu huyo. Ndivyo majina yalivyopatikana siku zile: kalenda iliamua, mzazi akakubali. Ndani ya kanisa lile kulikuwa na sanamu za plasta, zote zina mashavu ya waridi na macho ya buluu, na Morisi hakuwamo. Baba mdogo akakua, akawa fundi mwashi, akaoa, akazeeka, bila kuuliza huyo Morisi wa kwanza alikuwa nani. Mimi nami sikuuliza, mpaka siku niliyosimama mbele yake katika kanisa kuu la Magdeburg, mashariki mwa Ujerumani, nikamkuta ni mtu mweusi.

Sikwenda kwa ajili yake. Nilikuwa Berlin kwa shughuli nyingine, Jumamosi ikawa haina kazi, nikapanda treni kwenda kuwaona wanawali kumi. Nitawafikia hao wanawali. Lakini nilipoingia ndani, karibu na altare, si mbali na kaburi la Kaizari Otto wa Kwanza, palikuwa na askari wa jiwe aliyekuwa akitazama upande, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Sanamu si kubwa. Miguu haipo, imekatika maeneo ya magoti, na kilichobaki hakizidi sana kimo cha mita moja. Jiwe lake ni jiwe la mchanga, na lilichongwa kati ya 1240 na 1250 hivi. Amevaa deraya ya pete za chuma inayofunika mikono, kifua na kichwa, na juu ya deraya amevaa koti lililofungiwa mabamba ya chuma kwa ndani, vichwa vya ribiti vikionekana nje. Wataalamu wa historia ya silaha huja kuliangalia koti hilo tu, maana ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za vazi la aina hiyo Ulaya. Mkuki aliokuwa ameushika umepotea. Kofia ya pete imemzunguka uso kama ushungi, na kwa kuwa karibu mwili wote umefunikwa, jicho lako halina pa kwenda ila usoni.

Uso wenyewe ni wa Mwafrika. Pua pana, midomo iliyojaa, mifupa ya mashavu iliyoinuka, ngozi iliyopakwa rangi nyeusi yenye kuelekea kahawia. Si uso wa Mzungu uliopakwa masizi, kama wachoraji wengi walivyofanya baadaye. Fundi alilichonga jiwe kwanza, rangi ikaja kuthibitisha. Na hakumchonga akiwa mtumwa, wala mfungwa, wala shetani. Ni kamanda, amechoka kidogo, anafikiri.

Ili kuelewa jinsi uso huo ulivyowezekana, inabidi kurudi nyuma kama miaka mia moja, kwenda Ufaransa.

Neno Gothiki lilianza kama tusi. Waandishi wa Italia wa karne ya 16, Giorgio Vasari akiwamo, waliona majengo na sanamu za zama zile ni kazi ya Wagothi, yaani washenzi waliovunja Roma. Waliojenga hawakulijua jina hilo. Huko Ujerumani katika karne ya 13 wapo walioiita tu kazi ya Kifaransa, na hawakukosea, kwa sababu ilianzia pande za Paris.

Lango la Kifalme la kanisa la Chartres lilichongwa kati ya 1145 na 1155 hivi. Pembeni mwa milango wamesimama wafalme na malkia wa Agano la Kale, warefu kupita kiasi, mikono imebanwa mwilini, nguo zinashuka kwa mistari iliyonyooka kama mifereji ya nguzo, miguu inaning'inia bila kukanyaga kitu. Fundi hakutaka kuchonga mtu. Alitaka nguzo yenye heshima ya mtu. Hata hivyo, nyuso zile zina utulivu ambao hukuti katika sanamu za kizazi kilichotangulia, ambako watu wamejikunja na macho yamewatoka kwa hofu ya siku ya mwisho.

Sasa ruka miaka themanini au tisini, uende Reims, kanisa walikovikwa taji wafalme wa Ufaransa. Hapo sanamu zimeshuka kutoka kwenye nguzo. Mwili umeegemea mguu mmoja, nyonga imesogea, nguo ni nzito na inakunjika mahali pale ambapo nguo halisi ingekunjika. Kichwa kimegeuka, maana sanamu zimeanza kuzungumza: malaika na Maria, Maria na Elisabeti. Malaika mmoja wa Reims anatabasamu kabisa, tabasamu la mtu anayejua jambo zuri ambalo wewe bado hujaambiwa. Septemba 1914 kanisa lilishambuliwa kwa mizinga, likawaka moto, kichwa cha malaika huyo kikaanguka na kuvunjika. Vipande vilikusanywa, na mwaka 1926 alirudishwa mahali pake. Anatabasamu mpaka leo.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa muujiza. Yalikuja karakanani. Jiwe lilitoka machimboni likiwa limekadiriwa, likapunguzwa kwa sululu, likachongwa kwa tindo na nyundo ya mbao, kisha likapandishwa mahali pake. Makanisa makubwa yalijengwa kwa miaka mingi, kwa hiyo mafundi waliweza kuzeeka kwenye kazi moja, au kuhama: pesa zikiisha hapa, wanakwenda kule mbele, na mikunjo ya nguo inakwenda nao. Ndiyo maana mtaalamu anaweza kuiona Reims ndani ya Ujerumani bila kuonyeshwa karatasi yoyote. Na kazi ya tindo ikiisha, alikuja mpaka rangi. Tunaowajua watakatifu wa Gothiki kama watu wa kijivu tunaangalia nguo iliyochujuka. Mwaka 1977 mjini Paris vilifukuliwa vichwa 21 vya wafalme wa Notre-Dame, vilivyokatwa wakati wa Mapinduzi na watu waliodhani ni wafalme wa Ufaransa, kumbe ni wafalme wa Yuda. Baadhi bado vilikuwa na rangi mashavuni.

Kuhusu mada zake, vitabu husema sanamu hizi zilikuwa Biblia ya wasiojua kusoma. Kuna ukweli: siku ya mwisho juu ya mlango, mitume pembeni, maisha ya Maria, watakatifu wa mji, na hapo chini, karibu na macho ya mpita njia, kazi za miezi, mkulima anavuna, mwingine anachinja nguruwe. Lakini Reims ina sanamu zaidi ya 2,000, na nyingine ziko juu mno, hakuna mkulima ambaye angeweza kuziona, sembuse kuzisoma. Mimi naamini mafundi walichonga pia kwa sababu walikuwa wamegundua wanachoweza kufanya, na hawakutaka kuacha.

Magdeburg iliingia katika habari hii kwa moto. Mji ulikuwa mpakani mwa dola ya Wajerumani, ng'ambo yake nchi za Waslavi. Otto wa Kwanza aliupenda: mwaka 937 alianzisha hapo monasteri ya Mtakatifu Morisi, mwaka 968 mji ukawa makao ya askofu mkuu, na Otto mwenyewe akazikwa hapo mwaka 973. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1207 kanisa lake liliteketea. Askofu mkuu wa wakati huo, Albrecht, alikuwa amesoma Paris na kuona Notre-Dame ikipanda. Akaamua kujenga kwa namna ile ngeni. Kazi ilianza mwaka 1209, na hilo ndilo kanisa kuu la kwanza katika nchi za Wajerumani kuanza kujengwa kwa mtindo wa Gothiki. Wenyeji hawakuwa na uzoefu nao, na macho makali yanaona mahali ambapo jengo linababaika kati ya desturi ya zamani na mpya. Mwaka 1220 Albrecht akapata kitu ambacho kila mji ulikitamani: fuvu linaloaminiwa kuwa la Mtakatifu Morisi mwenyewe.

Habari za Morisi zilianza kuandikwa katika karne ya 5 na Eucherius, askofu wa Lyon. Anasema Morisi aliongoza kikosi cha askari Wakristo kutoka Thebes, Misri ya Juu, walioletwa kwenye milima ya Alpi mwishoni mwa karne ya 3. Walipoamriwa kuwaua Wakristo wenzao walikataa. Kaizari Maximian akaamuru auawe mmoja katika kila kumi. Wakakataa tena. Mwisho wakauawa wote, mahali ambapo leo pana mji wa Saint-Maurice, Uswisi. Wanahistoria wanabishana kiasi gani cha habari hii ni cha kweli. Watu wa zama za kati hawakubishana. Walichoona ni askari aliyemtii Mungu kuliko bosi wake, na cha ajabu, makaizari wakampenda mno.

Lakini kwa karne nyingi Morisi huyo wa Misri alichorwa mweupe. Kila mtu aliyesikia kisa chake alijua ametoka Afrika, na hakuna aliyeona haja ya kukionyesha hicho usoni. Kisha, ghafla, Magdeburg. Sanamu hii ndiyo ya kale zaidi iliyosalia inayomwonyesha akiwa Mwafrika.

Kwa nini hapo, na kwa nini wakati huo? Sababu moja ni jina. Mauritius liko karibu na Maurus, neno la Kilatini walilotumia kwa watu weusi wa kusini, na zama zile jina halikuchukuliwa kuwa bahati nasibu. Sababu nyingine ni Kaizari Frederick wa Pili, aliyekulia Sisilia. Katika baraza lake walikuwamo watu weusi, na mwaka 1235 alipoingia Ujerumani, mwandishi wa siku zile alieleza msafara wake: magari yaliyosheheni dhahabu na fedha, ngamia, Waislamu, na watu aliowaita Waethiopia. Watu wa kaskazini wakaona kwa macho yao kile walichokuwa wakikisikia katika mahubiri. Tena kaizari aliyedai kutawala ulimwengu wote alihitaji watakatifu wanaofanana na ulimwengu wote. Wataalamu wengi wanaamini mchongaji wa Magdeburg alikuwa amemwona Mwafrika kwa karibu. Ukiitazama sanamu, ni vigumu kuwabishia.

Hapa ndipo ninapojizuia. Ni rahisi kutoka ndani ya kanisa lile umevimba kichwa, ukitangaza kwamba Ulaya ya zama za kati haikuwa na ubaguzi. Nenda Chartres, lango la kaskazini: Malkia wa Sheba amesimama kwa madaha, na chini ya miguu yake amejikunja mtu mwenye sura ya Kiafrika. Tazama picha nyingi za mateso ya Yesu za karne hizo: mara kwa mara anayeshika mjeledi amepakwa rangi nyeusi. Na huna haja ya kwenda mbali. Toka nje ya kwaya, zunguka upande wa kaskazini wa kanisa hilihili la Magdeburg, kwenye ukumbi wanaouita Paradiso, uwaone wale niliowafuata.

Wanawali kumi wa Injili ya Mathayo, watano wenye busara, watano wapumbavu, wamechongwa kama mwaka 1250. Fundi alipewa watu kumi wenye umri mmoja, nguo za namna moja na taa za namna moja, akaambiwa awatofautishe. Akawatofautisha kwa furaha na uchungu. Wenye busara wanacheka mpaka macho yanakuwa membamba, kila mmoja cheko lake. Wapumbavu wanalia. Nyuso zimejikunja, midomo imevutwa, mikono imekwenda kichwani na kifuani, taa zimeinama hazina mafuta. Hakuna anayelia kama mwenzake. Miaka mia moja kabla ya hapo jiwe la Ulaya lilikuwa halijui kulia hivi. Niliwatazama muda mrefu wale wapumbavu na, kusema kweli, niliwaonea huruma kuliko Injili inavyoniruhusu.

Wakiwa katika ukumbi huohuo, wapo wanawake wengine wawili. Mmoja ni Kanisa, ana taji. Mwingine ni Sinagogi, yaani dini ya Kiyahudi, na macho yake yamefungwa kwa kitambaa. Jozi hii ilikuwa mada ya kawaida ya Gothiki, na iliyo maarufu kuliko zote ni ya Strasbourg, ya mwaka 1230 hivi. Sinagogi wa Strasbourg ni mrembo. Kiuno kimepinda, mkuki umevunjika vipande, mbao za sheria zinamponyoka mkononi, na kitambaa cha machoni ni chembamba kiasi kwamba unaona umbo la kope chini yake. Kufunua kope za jiwe chini ya kitambaa cha jiwe ni kazi ya fundi aliyefika kileleni, na alikitumia kilele hicho kuwaambia majirani zake kwamba ni vipofu. Mwaka 1215 mkutano wa maaskofu Roma ulikuwa umeagiza Wayahudi wavae mavazi ya kuwatofautisha. Tarehe 14 Februari 1349, tauni ikiwa inazunguka Ulaya, Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto. Sanamu haikuwasha moto ule. Ilikuwa mlangoni kwa zaidi ya miaka mia, watu wakipita.

Kwa hiyo ninapomtazama Morisi nakumbuka kwamba tindo ileile ya kizazi kile ilimpa yeye uso na kumfunga mwingine macho. Kilichoamua ni nani aliyelipia jiwe na alimhitaji nani. Magdeburg ilimhitaji Morisi. Alikuwa mlinzi wake, fuvu lake lilileta mahujaji, jina lake lilikuwa katika mihuri na sadaka. Mwafrika mwenye heshima aliwezekana kwa sababu alikuwa mbali, mtakatifu, na wa manufaa. Sisemi hivyo kumpunguzia mchongaji sifa. Mwenye pesa anaweza kuagiza mtakatifu mweusi, lakini hawezi kuagiza ile namna ya kutazama. Hiyo fundi aliitoa mwenyewe.

Baada yake Morisi mweusi alienea. Alichorwa na kuchongwa mashariki mwa Ujerumani na hadi miji ya Baltiki kwa karibu miaka 300, na katika miaka ya 1520 Grünewald alimchora amesimama anaongea na askofu Erasmus, mtu mzima kwa mtu mzima. Kisha akapungua. Matengenezo ya Kiprotestanti yaliwaondoa watakatifu wengi, na wakati huohuo meli za Ulaya zilikuwa zimeanza kununua watu katika pwani za Afrika. Jina lake likaendelea kusafiri bila uso wake. Moritz, mtawala wa Saksonia aliyeuzingira mji huohuo wa Magdeburg mwaka 1550, alikuwa na mjukuu aliyeitwa kwa jina lake, Maurits wa Nassau. Mwaka 1598 mabaharia Waholanzi walikipa kisiwa kimoja katika Bahari ya Hindi jina la mjukuu huyo. Ndicho Morisi, au Mauritius, cha kwenye ramani zetu za shule. Watumwa kutoka pwani yetu walikuja kupelekwa huko.

Mji wa Magdeburg uliteketezwa mwaka 1631 na watu wapatao 20,000 wakafa. Uliteketezwa tena kwa mabomu Januari 1945. Askari hana miguu wala mkuki, lakini uso wake haukuguswa sana. Na tarehe 12 Mei 1994, Siku ya Kupaa Bwana, vijana wa mrengo mkali wa kulia waliwakimbiza Waafrika mchana kweupe katika mitaa ya katikati ya mji huo. Niliitembea mitaa hiyo jioni nikirudi kituoni. Hakuna aliyenisumbua. Mwanamke mmoja alinielekeza jukwaa la treni bila hata kuulizwa.

Nikiwa garini nilimtumia baba mdogo picha kwa WhatsApp, nikamwandikia: shikamoo baba mdogo, huyu ndiye Morisi wako. Alikaa kimya mpaka kesho yake, nikadhani hakuelewa. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, kuku wanasikika nyuma yake.

"Marahaba mwanangu. Nimemwangalia. Nimemwonyesha na mama yako mdogo. Huyo fundi alimwona mtu, hakubuni. Pua ile huwezi kuibuni, mkono utakwenda kwenye pua unayoijua." Akakohoa. "Miguu iko wapi?"

Nikamjibu kwamba imevunjika zamani. Akauliza ni jiwe gani. Nikamwambia ni jiwe la mchanga. Akasema ndiyo, hilo linamtii fundi lakini halipendi maji. Halafu akauliza kama ninakwenda tena. Nikirudi, akasema, nipige picha kwa nyuma, maana anataka kuona lile koti linafungwaje.